Kuku wanaonyonyoka manyoya: Jua chanzo kabla ya kununua dawa

KAMPALA – Mfugaji wa kuku wa mayai katika jiji la Kampala au wilaya jirani za Wakiso na Mukono anapoona migongo ya kuku wake imebaki wazi, hatua yake ya kwanza mara nyingi ni kwenda kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Container Village, karibu na Nakivubo. Hurudi na antibayotiki, vitamini na pengine dawa ya kuua wadudu, akazitumia zote kwa pamoja. Wiki mbili baadaye migongo bado iko wazi, mayai yamepungua na fedha zimekwisha.

Tatizo si dawa. Tatizo ni kwamba kunyonyoka manyoya si ugonjwa mmoja. Ni dalili inayoweza kutokana na mambo manne au matano tofauti, na mengi kati ya hayo hayatibiwi kwa antibayotiki yoyote. Lingine halihitaji tiba kabisa.

Kwa mfanyabiashara anayepeleka kuku au mayai Busia, Malaba au Elegu, kosa hili lina gharama ya ziada. Dawa isiyofaa haiishii kwenye kuku. Huingia kwenye yai, na yai lenye mabaki ya dawa ni bidhaa inayoweza kufungiwa soko.

Kwa nini manyoya yana thamani

Mchuuzi wa kuku katika masoko ya Kalerwe na Nakasero hununua kwa macho na kwa mkono. Hupapasa kidari, hutazama upanga wa kichwani, kisha huangalia manyoya. Kuku aliye wazi mgongoni huonekana mgonjwa hata kama ni mzima, na bei yake hushuka papo hapo.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Manyoya ndiyo blanketi ya kuku. Kampala iko katika mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wake huwa na ubaridi, hasa nyakati za mvua. Kuku asiye na manyoya hupoteza joto, na ili kulirudisha hulazimika kula zaidi. Kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji wa kuku wa mayai, kila gramu inayotumika kupasha mwili joto badala ya kutengeneza yai ni fedha iliyopotea.

Kubadili manyoya si ugonjwa

Jambo la kwanza la kujiuliza ni umri wa kuku. Vifaranga na mitetea hubadili manyoya mara kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Kuku mkubwa naye, baada ya kutaga kwa takriban mwaka mmoja, hupumzika, akaangusha manyoya ya zamani na kuotesha mapya. Wakati huo mayai hupungua au husimama kabisa, kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza manyoya na mayai kwa pamoja kwa kiwango kile kile.

Dalili za hali hii ni rahisi kutambua. Manyoya huanguka kwa mpangilio: kichwani kwanza, kisha shingoni, kidarini, mwilini, mabawani na mwisho mkiani. Ngozi iliyobaki ni safi, haina kidonda wala ukurutu. Ukiitazama kwa karibu utaona vijiti vidogo vikitokeza, ambavyo ni manyoya mapya ndani ya ala zake. Kuku huyo anakula, anakunywa na macho yake ni maangavu. Hahitaji dawa. Anahitaji chakula chenye protini ya kutosha na utulivu kwa wiki nane hadi kumi na mbili.

Bawa pia linaweza kumsaidia mnunuzi kujua kuku amesimama kutaga kwa muda gani. Kuku ana manyoya makuu 10 kwenye ncha ya bawa, na huanza kuyabadili kutoka katikati ya bawa kwenda nje. Unyoya mmoja huchukua karibu wiki sita kukua kikamilifu. Kuku mtagaji hafifu huyaangusha moja moja, kwa tofauti ya takriban wiki mbili. Kwa hiyo ukikuta unyoya mmoja mpya uliokomaa, hesabu wiki sita, na kwa kila unyoya mwingine uliokomaa ongeza wiki mbili. Mtagaji mzuri huangusha manyoya kadhaa kwa mara moja na kurudi kazini mapema. Mtu anayenunua kuku wanaosemekana kuwa "bado wanataga" afungue bawa kabla ya kufungua pochi.

Taa ikizimika ghafla

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kuku hubadili manyoya siku zinapoanza kuwa fupi. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana wafugaji wakubwa huongeza mwanga wa taa hadi kufikia saa 16 kwa siku, ili kuku waendelee kutaga.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Kuku aliyezoea saa 16 za mwanga, akirudishwa ghafla kwenye saa 12 kwa siku kadhaa mfululizo, mwili wake hupokea ujumbe kwamba msimu wa kutaga umekwisha. Huanza kuangusha manyoya. Mwaka 2005 na 2006, kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka na mitambo ya Nalubaale na Kiira kule Jinja ikashindwa kuzalisha umeme wa kutosha, mgawo wa umeme uliwasumbua watu wa Kampala kwa miezi mingi. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, na lile la Karuma, lililozinduliwa mwaka 2024, yameongeza umeme nchini. Hata hivyo, mfugaji anayetegemea taa bila kuwa na betri ya sola au jenereta bado anaweza kupata hasara hiyo pale umeme unapokatika kwa siku nyingi.

Vivyo hivyo kwa maji. Banda likikaa siku moja au mbili bila maji, kuku wengi wanaweza kuanza kuangusha manyoya na kusimama kutaga, na maji yakirudi, mayai hayarudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, kundi zima likinyonyoka kwa wakati mmoja, mfugaji ajiulize kwanza: wiki mbili zilizopita kilibadilika nini? Umeme, maji, chakula, au kuku walihamishwa?

Soma mahali manyoya yalipotoka

Ikiwa kuku hawako katika kipindi cha kubadili manyoya, hatua inayofuata ni kuangalia sehemu ya mwili iliyo wazi. Sehemu hiyo huonyesha chanzo.

Mgongoni karibu na mkia: hapo kuku wenzake wanamdonoa.

Mgongoni na nyuma ya shingo, katika kundi lenye majogoo: ni kazi ya jogoo anapopanda. Jogoo mmoja kwa matetea 10 anatosha. Wakizidi, matetea huumia.

Mbele ya shingo, kwa kuku wa vizimbani: ni waya unaosugua kila anapoingiza kichwa kula.

Kidarini, kwa kuku anayeatamia: amejinyonyoa mwenyewe ili joto la mwili liyafikie mayai. Si tatizo.

Kuzunguka sehemu ya haja, ngozi ikiwa nyekundu au yenye uchafu mweusi: tafuta chawa na utitiri.

Shingo nzima tangu utotoni: huyo ni kishingo, kuku wa asili anayezaliwa hivyo. Hana ugonjwa. Katika sehemu zenye joto hali hiyo humsaidia, kwa kuwa joto la mwili hutoka kwa urahisi. Hali kadhalika kidimu, kuku mwenye manyoya yaliyopinda kuelekea nje, si mgonjwa.

Wadudu: mchana hawaonekani wote

Wadudu wanaoharibu manyoya wako wa aina mbili kuu, na tofauti kati yao ndiyo inayoamua dawa iwekwe wapi.

Chawa huishi maisha yao yote juu ya kuku. Wana rangi ya majani makavu, hukimbia manyoya yanapofunuliwa, na mayai yao huonekana kama vishada vyeupe kwenye shina la unyoya, hasa karibu na sehemu ya haja. Dawa yao lazima imfikie kuku mwenyewe.

Utitiri mwekundu ni tofauti. Hufyonza damu usiku, na mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, chini ya fito za kulalia na ndani ya viota. Mfugaji anayekagua kuku saa sita mchana hatauona, na ataapa kwamba banda lake ni safi. Njia ya kuupata ni kuingia bandani usiku na tochi, au kupitisha karatasi nyeupe chini ya fito. Karatasi ikitoka na michirizi ya damu, jibu limepatikana. Kuku hupauka upanga, hukataa kupanda fito na hutaga kidogo. Kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi bure, kwa sababu utitiri huu unaweza kuishi miezi mingi bila kula, ukisubiri kundi jipya. Upo pia utitiri mwingine unaobaki juu ya kuku usiku na mchana, na huo hutibiwa kama chawa.

Katika hali zote mbili, dawa hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Dawa nyingi huua mdudu lakini haziui mayai yake. Mfugaji asiyerudia huwa ameua wazazi na kuacha watoto, kisha husema dawa ni bandia.

Kudonoana: tatizo la banda na chakula

Kuku wakidonoana, dawa haipo chupani. Sababu kubwa ni msongamano. Kwa kuku wa mayai wanaofugwa sakafuni, watano au sita kwa kila mita moja ya mraba ni idadi ya kuridhisha. Ardhi ya Kampala ni ghali, na kishawishi cha kuongeza kuku katika banda lile lile ni kikubwa, lakini kuku wa ziada hulipiwa kwa manyoya ya wenzake. Sababu nyingine ni mwanga mkali kupita kiasi, vyombo vichache vya chakula na maji, na matandazo yaliyolowa. Maganda ya kahawa na maranda ya mbao, yanayotumiwa sana Uganda, hufaa yakibaki makavu, kwani kuku hupata kitu cha kuchakura badala ya kumchakura mwenzake.

Chakula nacho ni mshitakiwa. Unyoya karibu wote ni protini, na huhitaji hasa virutubisho vya methionini na sisteini. Kwa wachanganyaji wengi wa chakula, chanzo chake ni mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga huja na mchanga, na mfugaji anayepima kilo hununua uzito usio na protini. Jaribio lake ni rahisi: tia konzi ya dagaa waliosagwa kwenye bilauri ya maji, koroga, kisha tazama kilichotua chini. Chakula cha kuku wanaotaga kinapaswa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 17. Upungufu wa chumvi pia huwafanya kuku watafute ladha ya damu.

Anayedonolewa atengwe mara moja. Kuku wakishaonja damu, tabia hiyo husambaa banda zima.

Dawa, yai na soko

Baada ya uchunguzi huo, wapo watakaohitaji dawa. Hapa tahadhari tatu ni muhimu.

Kwanza, dawa iwe imesajiliwa kwa kuku wanaotaga. Nchini Uganda, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ndiyo inayosimamia dawa za binadamu na za mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe haikuandaliwa kwa ajili ya kuku wa mayai, hata kama jirani anasema ilimsaidia.

Pili, soma idadi ya siku za kusubiri. Hizi ni siku ambazo mayai hayapaswi kuuzwa baada ya dawa kutolewa. Kama lebo haitaji mayai, muulize daktari wa mifugo, si muuza duka peke yake.

Tatu, usitoe antibayotiki bila sababu. Haiui chawa, haiotoi manyoya, na huzoesha vijidudu dawa ambayo kesho itahitajika kwa ugonjwa wa kweli.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabuni akumbuke yaliyotokea Ulaya mwaka 2017. Nchini Uholanzi na Ubelgiji, mabanda ya kuku yalipuliziwa dawa ya kuua utitiri mwekundu iliyochanganywa na fipronili, sumu ya wadudu isiyoruhusiwa kwa mifugo ya chakula katika Umoja wa Ulaya. Mabaki yake yalipatikana kwenye mayai. Mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni, mashamba zaidi ya 100 yalifungwa kwa muda, na mayai yaliyohusika yaligunduliwa kuwa yamefika nchi nyingi, hata Hong Kong. Yote hayo yalianza na jambo dogo: utitiri kwenye mabanda ya kuku.

Mpakani

Historia ya karibu inaonyesha jinsi biashara ya kuku ya Uganda inavyoweza kusimama kwa siku moja. Januari 2017, baada ya homa ya mafua ya ndege kuthibitishwa kwa ndege wa porini katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, Kenya ilipiga marufuku kuku na mazao yao kutoka Uganda. Wafanyabiashara ambao kuku wao hawakuwa na ugonjwa wowote walipata hasara sawa na wengine.

Hiyo ndiyo sababu kuku aliyenyonyoka hupata shida mpakani. Mkaguzi hawezi kujua kwa kumtazama tu kama ni kudonoana au ni jambo kubwa zaidi. Mfanyabiashara anayejua biashara yake huwatoa kuku wa aina hiyo kabla ya kupakia, na husafiri na kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, cheti cha afya, na kibali cha kuingiza mifugo cha nchi anayokwenda. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, hurahisisha mambo ya ushuru na cheti cha asili ya bidhaa. Hauondoi ukaguzi wa afya ya mifugo.

Kuna wakati ambapo manyoya si habari tena. Kuku wakifa ghafla kwa wingi, wakipinda shingo, wakiharisha kijani au wakivimba kichwa, mfugaji asiuze wala kuhamisha kuku yeyote. Huenda ni mdondo au mafua ya ndege. Daktari wa mifugo wa wilaya aarifiwe. Sampuli huweza kuchunguzwa katika chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere, au katika kituo cha taifa cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, NADDEC, kilichoko Entebbe.

Hesabu ya mwisho

Chukua mfano wa kundi la kuku 500 wanaotaga kwa asilimia 80, yaani mayai 400 kwa siku. Wakinyonyoka na kushuka hadi asilimia 40, mfugaji hupoteza mayai 200 kila siku. Katika wiki nane ni mayai 11,200, sawa na trei 373. Katika muda huo huo, kila kuku akila gramu 120 kwa siku, kundi limekula zaidi ya tani tatu za chakula.

Kwa kundi lenye umri wa wiki 40, hasara hiyo inafaa kupiganiwa: tafuta chanzo, kitibu, na kuku watarudi. Kwa kundi lenye wiki 75 ambalo linabadili manyoya kwa kawaida, hesabu ni nyingine. Kuliuza mapema kwa wachuuzi wa nyama, kabla kidari hakijapungua uzito, huenda kukawa na faida kuliko kulilisha miezi miwili bila mayai. Kundi hilo likiwa limepewa dawa, siku za kusubiri za nyama nazo zihesabiwe kabla ya mchuuzi kuitwa.

Uamuzi wowote atakaochukua mfugaji, uchunguzi uliotajwa hapa hauhitaji zaidi ya tochi, karatasi nyeupe, bilauri ya maji na dakika chache za kufungua bawa. Vyote hivyo ni rahisi kuliko chupa moja ya dawa isiyohitajika.